Canter ya mkononi, viazi vya lumbesa na hesabu ya kila siku: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinahusu lori dogo, Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, lililonunuliwa mkononi kwa ajili ya kusomba viazi Nyanda za Juu Kusini. Mwenye gari ameruhusu kiandikwe kwa sharti la kutotajwa jina lake, mji wake wala namba za gari. Bei zote zimezungushwa. Mimi niliitwa kulikagua gari likiwa tayari limelazwa gereji; ya kabla ya hapo nimeyapata kwa mama mwenye gari, kwa dereva na kwa fundi wao wa awali, na pale maelezo yao yalipopishana nimesema.

Ukiisoma orodha ya vilivyotengenezwa peke yake, utaona gari bovu basi. Ukiisoma pamoja na namna dereva alivyokuwa analipwa, utaelewa ubovu ule ulikaaje miezi minne bila mtu kuusema.

Usuli

Mama huyu ni mfanyabiashara wa viazi mviringo. Kwa miaka alikodi magari ya watu kutoa mzigo vijijini, na mara moja moja kuuteremsha hadi Morogoro. Msimu ukichanganya wenye magari hupandisha bei, na mzigo ukilala shambani ukanyeshewa, viazi vya chini ya gunia huanza kuoza kabla havijafika sokoni. Ndicho kilichomsukuma kutafuta gari lake mwenyewe.

Aliichagua Canter kwa sababu nzuri tu. Spea zake zipo kila mji. Injini ya 4D33, lita 4.2, haina mkanda wa taimingi wa kukatika njiani, inatumia gia. Pampu ya dizeli ni ile ya mstari, haina kompyuta. "Nilitaka gari ambalo hata fundi wa kijijini analifungua kwa spana," alisema. Lililopatikana lilikuwa namba C (usajili unaoanza na herufi C), limeshapita mikono miwili hapa nchini kabla yake, kwa shilingi milioni 24. Sehemu ilitoka kwenye akiba yake, sehemu kwenye mkopo wa VICOBA, kikundi chake cha kuweka na kukopa, wenye marejesho ya kila mwezi. Alipomaliza kulipa alibaki na milioni moja na ushee, akaipanga iwe mtaji wa kununulia viazi vya safari ya kwanza. Matengenezo hayakutengewa hata senti, maana gari "lilikuwa zima".

Siku ya kununua

Upande wa karatasi alikuwa makini kuliko wanunuzi wengi ninaowajua. Aliingiza namba za gari kwenye mfumo wa polisi kwa simu, akakuta faini mbili za trafiki hazijalipwa, 30,000 kila moja, akazikata kwenye bei. Aliulizia deni la maegesho. Hakutoa fedha mpaka muuzaji alipokubali kwenda naye kuanza kuhamisha umiliki. Hapo hakuna cha kumkosoa.

Upande wa chuma, dalali ndiye aliyeongoza ukaguzi. Walipofika gari lilikuwa limeshawashwa na injini ina moto. "Injini haijafunguliwa hii, mama. Ni kuweka mafuta na kuondoka." Walilizungusha likiwa tupu, kwenye lami, barabara ya tambarare. Ndugu aliyekuja naye kama mtaalamu aliangalia moshi unaotoka kwenye bomba, akatazama kama kuna oili chini, akaingiza gia zote, akasema safi.

Injini ikishapata moto huwezi kujua inawaka vipi asubuhi ya baridi, na baridi ya huko si mchezo. Huwezi pia kufungua kifuniko cha rejeta ukaona maji yana rangi gani. Na breki za gari tupu kwenye tambarare zitashika hata zikiwa zimebaki nusu. Geji ya mwendo ilikuwa haifanyi kazi. Dalali akasema ni waya tu, na kweli ilikuwa waya tu. Lakini waya ule ukikatika na kilomita zinasimama, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejua gari limetembea kiasi gani, wala oili ilimwagwa lini mara ya mwisho.

Miezi ya mwanzo kazini

Gari liliingia kazini wiki ileile. Dereva alipewa kwa mtindo uliozoeleka: hesabu, yaani kiasi cha kumkabidhi mwenye gari, ya 80,000 kwa siku ya kazi, mafuta, utingo na faini juu yake, kinachobaki chake. Spea na fundi juu ya mwenye gari.

Mzigo ulihesabiwa kwa magunia. Gunia 35, kila moja "kilo mia", jumla tani tatu na nusu, sawa na uwezo wa gari. Ila viazi hivyo vilifungwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu. Baadaye tulipoyapima machache kwenye mzani yalicheza kati ya kilo 120 na 140. Chukua 130 mara 35: ni tani nne na nusu na zaidi kidogo, kila safari, kwenye barabara za udongo zenye miteremko.

Dalili zilianza mapema. Maji ya rejeta yalipungua, dereva akawa anaongeza kila asubuhi. Betri zikawa hazifiki asubuhi, gari likawa linaegeshwa mlimani ili liwashwe kwa kuteremshwa. Pedeli ya breki ikawa inakwenda chini, inapampiwa mara mbili ndipo inashika. Dereva alipoona kikopo cha mafuta ya breki kimepungua, alikijaza alichouziwa dukani kijijini, na alichouziwa kilikuwa haidroliki. Nguvu zikapungua mlimani na moshi ukawa mweusi tii.

Katika yote hayo, taarifa iliyomfikia mwenye gari ni moja: moshi, kwa sababu aliuona mwenyewe. Fundi wao alisikiliza injini, akasema inataka kufunguliwa, ringi za pistoni zimekwisha, andaa milioni 3.8. Mama akaahirisha mpaka msimu upite.

Nilimuuliza dereva kwa nini hakusema habari ya breki. Alijibu bila kuzunguka: "Nikisema, naambiwa peleka gereji. Gari likilala gereji, mimi nimelala njaa, na hesabu naulizwa." Mama anakana kabisa kwamba aliwahi kudai hesabu ya siku ya gereji. Ila wote wawili wanakumbuka sentensi moja, aliyoisema mama siku gari liliposimama kwa ajili ya pancha mbili: "Sasa kesho utafidia?" Kwa mama lilikuwa swali tu. Kwa dereva lilikuwa sera ya kampuni.

Kitonga

Safari ya Morogoro ilipakiwa gunia 35 kama kawaida. Mlima Kitonga, kwa anayetoka Iringa, ni wa kuteremka: kona zinazofuatana, malori mbele na nyuma, korongo upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine.

Dereva aliingia mteremkoni na gia ya tatu, mguu kwenye breki. Alivuta swichi ya eksosti breki, ile inayoziba bomba la moshi ili injini isaidie kulishika gari, haikuleta chochote. Hakushangaa, maana haikuwahi kufanya kazi tangu alikabidhiwe gari. Kona chache chini akasikia harufu ya laining za breki kuungua. Pedeli ikalainika, kisha ikaenda hadi sakafuni. Alifanikiwa kuisukumiza gia ya pili huku ikikwaruza, akavuta hendibreki, akalilaza gari upande wa ukuta mpaka tairi zikasugua ukingo wa mtaro na gari likasimama. Utingo alikuwa ameshashuka na jiwe mkononi. Hakuna aliyeumia.

Kilichotokea kinaeleweka. Drami, zile ngoma za chuma zinazobanwa na laining, zikipata moto kupita kiasi, laining hupoteza mshiko. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka huwa yamenyonya unyevu, na moto ukiyafikia yanachemka; mvuke unabinyika, mafuta hayabinyiki, kwa hiyo mguu unaishia kubinya mvuke. Zikipoa, pedeli inarudi juu kama vile hakuna kilichotokea. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya saa mbili pale kandokando, breki zilishika, na madereva wenzake waliosimama walimshauri aende taratibu tu na gia ya kwanza.

Alimpigia mama simu. Mama akasema mzigo ushushwe, utafutiwe gari jingine, na Canter isiteremke hata mita moja zaidi. Ikapanda tupu kurudi juu. Kukodi gari la kufaulishia mzigo pale mlimani kulikula faida yote ya safari na kitu juu yake. Naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na ulifanywa na mtu asiyejua chochote kuhusu laining.

Kilichokutwa gereji

Tulianza na magurudumu, sio injini. Drami zote nne zilivuliwa. Nyuma laining zilibaki nyembamba hadi riveti zinachora drami. Raba za silinda za magurudumu zilikuwa zimevimba na kulainika mpaka unaweza kuziminya kwa kucha, na hiyo ni kazi ya haidroliki: mafuta ya aina hiyo huharibu raba zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Silinda moja ya nyuma kulia ilikuwa imeganda, haisukumi kabisa, maana yake kwa muda usiojulikana gari lilikuwa linafunga kwa magurudumu matatu.

Eksosti breki yenyewe ilikuwa nzima. Valvu ndani ya bomba la moshi ilizunguka kwa mkono. Tatizo lilikuwa kwenye mpira wa vakyumu, mfyonzo wa hewa unaosaidia breki: mtu aliukata, akauchomeka bolti ndogo, akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukifuatilia unaona sababu. Mpira wa asili ulipasuka mahali, vakyumu ikawa inavuja, breki za mguu zikawa ngumu, na fundi fulani akaona njia fupi ni kuuziba upande wa eksosti breki. Mguu ukalainika, mteja akaondoka ameridhika. Matengenezo ya namna hii ndiyo yanayonitisha kwenye gari la mkononi kuliko kitu kilichovunjika waziwazi. Kilichovunjika kinapiga kelele. Hiki kilikaa kimya mpaka Kitonga.

Kwenye umeme palikuwa na jingine la aina hiyohiyo. Canter hii ina umeme wa volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfuatano. Mmiliki wa awali alitaka redio na chaja ya simu, vitu vya volti 12, akavuta waya kutoka kwenye betri moja. Basi betri ile ikawa inaliwa peke yake wakati alteneta inazichaji zote mbili kama pacha. Tulipopima injini ikiwa imezimwa, moja ilisoma 12.7, nyingine 11.9. Injini ikiwaka, jumla ilikuwa 28 na kitu, namba nzuri kabisa, ila mgawanyo ukawa mbaya: moja inapata zaidi ya 15 na inachemka maji, nyingine inapata 13 na haijai. Miezi miwili kabla, dereva alikuwa amebadilisha ile dhaifu tu, kwa fedha yake, ili asilaze gari. Mpya nayo ikafa, kwa ugonjwa uleule.

Thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Mafundi wengi wakiona gari linachemsha huitoa na kuitupa, na mteja hupongeza. Kwa mji wa baridi, injini ya dizeli isiyofikia joto lake, takriban nyuzi 80, inakula mafuta zaidi na kuzichosha silinda. Na kwenye injini yenye njia ya pembeni ya maji, ukiiondoa thamostati sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani na mzigo ndipo gari linapochemsha. Maji yenyewe yalikuwa ya kisimani, ya rangi ya chai, na wota pampu ilikuwa inadondosha.

Injini tuliipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kuikubali hukumu ya ringi. Silinda zote nne zilikaribiana, hakuna iliyoachwa nyuma. Tulifungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: mvuke kidogo, hakuna upepo wa kusukuma. Kisha tukaitoa ea klina, chujio la hewa. Ilijaa vumbi jekundu la barabara za vijijini kiasi kwamba ukiigonga chini inaacha kilima. Nozeli mbili zilikuwa zinatiririsha dizeli badala ya kuipuliza, na nafasi za valvu zilikuwa zimehama. Moshi mweusi ni dizeli inayokosa hewa au isiyopulizwa vizuri. Ringi zikichoka injini hula oili, na moshi wake huelekea bluu.

Mengineyo kwa haraka: springi za nyuma zilikuwa zimeongezewa pleti mbili, chesisi ina mahali imechomelewa karibu na shikio la springi ya nyuma kushoto, nipo za grisi za kingpini zimezibwa na udongo, senta beringi ya propela inalia, sili ya nyuma ya krenki inavuja oili, tairi mbili za mbele vipara.

Maamuzi, na kwa nini

Fedha iliyopatikana, baada ya mama kuongea na kikundi chake, ilikuwa milioni 4.5. Angefuata ushauri wa kufungua injini, milioni 3.8 ingeishia pale, na gari lingerudi Kitonga na injini mpya na breki zilezile. Kwa hiyo tulikubaliana swali moja la kupangia foleni: kikifa hiki njiani, nani anaumia? Kisha: kikifa hiki, kinaua nini kingine? Fedha ikiisha, kilichobaki kinasubiri.

Breki zilikuja kwanza kwa ujumla wake: laining pande zote, raba zote za silinda na za masta, mafuta yote yametolewa na mfumo umesafishwa kabla ya kuweka mapya ya DOT 3, mipira ya vakyumu mipya, eksosti breki imerudishwa. Drami mbili za nyuma zilichongwa. Halafu tairi za mbele, 7.50-16, mpya mbili. Zile za nyuma ziliachwa. Kingpini zilisafishwa na kupigwa grisi, beringi za magurudumu zikafunguliwa zikaoshwa.

Baada ya hapo mfumo wa maji: thamostati mpya, wota pampu, rejeta kufunguliwa na kusafishwa, kulanti badala ya maji ya kisima. Kisha oili zote kwa mpigo, ya injini, ya gia boksi na ya difu, pamoja na filta zote, na tarehe kuandikwa. Kwa gari lisilo na historia hakuna namna nyingine. Waya wa geji ya mwendo, kitu cha bei ndogo kuliko vyote, uliwekwa ili kuanzia pale kuwe na kilomita za kuhesabu. Betri zilinunuliwa mbili kwa pamoja, waya wa redio ukaondolewa, ikawekwa konveta ya kushusha 24 kuwa 12. Nozeli zilipelekwa kwa fundi pampu, valvu zikapangwa.

Vilivyoachwa kwa makusudi ni gia ya pili inayokwaruza, rangi, viti, na pleti za springi zilizoongezwa. Juu ya pleti tulibishana. Fundi alitaka zibaki kwa sababu barabara ni mbaya. Hoja yangu ilikuwa kwamba pleti huzuia bodi lisilale tu, haziongezi nguvu ya breki, ya ekseli wala ya chesisi, na gari lisilolala humdanganya mpakiaji kwamba bado kuna nafasi. Zilibaki, kwa sababu ya fedha. Ule mchomeleo wa chesisi ulikwanguliwa rangi na kupigwa alama ya chaki kwenye ncha zake, ili ufa ukisogea uonekane.

Kulikuwa na uamuzi mmoja uliofanywa mwishoni, fedha zikiwa ukingoni. Gia boksi ilishushwa ili kubadilisha sili ya krenki. Diski ya klachi ilikuwa mbele ya macho yetu, imebaki na nyama kidogo, lakini imebaki. Kuibadilisha wakati ule kungegharimu bei ya spea tu. Mama alisema ingoje, na kwa hali ya mfuko wake siku ile, sababu yake ilieleweka.

Mkataba mpya

Gari likiwa bado juu ya stendi, tulikaa watatu. Nilichopendekeza ni kwamba hesabu ya siku iondolewe, kwa sababu inamlipa dereva kwa kutolilaza gari. Dereva hakupenda. Msimu ukiwa mzuri, hesabu humwachia fedha nyingi kuliko mshahara wowote. Mwisho wakakubaliana sehemu ya kila safari, na posho ya kudumu kwa Jumamosi moja katika kila mbili, siku ya gari kuwa gereji. Siku hiyo analipwa kwa kuwepo, si kwa kutembea. Mama akanunua daftari la kawaida la shule: kila asubuhi kijiti cha oili, maji, kikopo cha breki, tairi, na safu ya mwisho isiyo na kichwa, ya kuandika chochote.

Jioni ileile dereva alianza kutaja vitu. Gari likifika mwendo fulani staring inatikisika. Difu inavuma ukiachia mafuta mlimani. Taa ya breki ya kushoto inawaka ikitaka. "Mama, haya nilikuwa nayajua tangu mwezi wa kwanza." Mama akamwambia, "Mwanangu, si ungesema." Yule kijana akanyamaza, na mimi nikaona ni vizuri kuyaandika kabla hawajaanza upya.

Matokeo

Katika nusu mwaka uliofuata gari lilisimama bila kupangwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni laining. Tulizonunua zilikuwa za bei nafuu, zisizo na jina la mtengenezaji, na baada ya miteremko ya wiki chache zilikuwa ngumu na zinang'aa kama kioo. Daftari ndilo lililosema: "pedeli ngumu, gari halishiki vizuri likiwa na moto." Zilivuliwa zikawekwa nyingine za uhakika. Mara ya pili ni ile klachi. Ilianza kuteleza mwezi wa tatu, gia boksi ikashushwa tena, na ufundi ukalipwa mara mbili kwa kazi ambayo ingekuwa moja.

Ulaji wa dizeli ulipungua kiasi cha dereva mwenyewe kukisema, na kuongeza maji kila asubuhi kulikoma. Injini haijafunguliwa mpaka leo.

Mzigo ulishuka hadi gunia 27 za lumbesa, ambazo kwa kilo 130 ni tani tatu na nusu za kweli. Mapato ya kila safari yakashuka karibu robo. Sehemu ya pengo ilizibwa na siku zilizokuwa zinapotelea gereji, si pengo lote.

Yaliyofaa na yaliyokwama

Kupima kabla ya kufungua kuliokoa fedha nyingi kuliko kingine chochote. Kupima kompresheni ni kazi ya asubuhi moja, na jibu lake lilimwepusha mama na milioni 3.8. Simlaumu sana fundi wa awali. Aliitwa kwa sababu ya moshi, akajibu kuhusu moshi, kwa kusikiliza tu, kama mafundi wengi wanavyofanya kazi pale ambapo mteja hakubali kulipia kipimo bali spea.

Kupanga foleni kwa usalama kulifaa, ila kulivurugika mwishoni, na nadhani palikosekana swali la tatu: ni nini kitakachohitaji kufunguliwa tena? Gharama kubwa ya klachi si diski, ni kushusha gia boksi. Fedha ikiwa finyu, ningetoa tairi moja ya mbele mpya nikaweka iliyotumika ya hali nzuri kabla ya kuirudishia klachi ile. Wengine watabisha, na wana haki. Tairi ya mbele nayo si kitu cha kuchezea.

Laining za bei rahisi ni kosa ambalo lingeepukika hata kwa bajeti ileile. Sehemu kubwa ya gharama ya breki ilikuwa silinda, mipira na ufundi. Tofauti kati ya laining nzuri na zile ilikuwa ndogo ukilinganisha na jumla, na ndizo zilizobeba kazi yote.

Kuhusu uzito kuna dhana inayohitaji kunyooshwa, maana niliisikia kwa dereva, kwa fundi na kwa mama: "Mizani tumepita, haikulalamika." Kweli haikulalamika. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8 na ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Canter iliyozidishiwa tani nzima bado iko chini sana ya mipaka hiyo. Mizani iliwekwa kulinda barabara. Breki za Canter zilibuniwa kwa uzito uliobandikwa na mtengenezaji, ambao mtu wa mizani hausomi.

Kuondoa hesabu ndiko kulikobadilisha mengi, na ndiko kusikohitaji spana. Laining mbaya zilijulikana kupitia daftari ndani ya wiki chache. Zile za kwanza zilijulikana Kitonga. Dereva ni yuleyule. Hata hivyo mtindo huu una bei yake: mwenye gari sasa lazima afuatilie safari, ajue bei za mzigo, akae na risiti za mafuta. Hesabu ilimwondolea kazi hiyo, na wamiliki wengi wenye shughuli nyingine hawataiweza. Kwao ningeshauri angalau siku ya gereji iwe na malipo kwa dereva, hata hesabu ikibaki.

Kutotenga fedha ya matengenezo siku ya kununua ndiko kulikozaa haraka yote iliyofuata. Jumla, ndani ya mwaka wa kwanza, gari liliingizwa zaidi ya milioni 6, robo ya bei ya kununulia. Angetafuta gari la milioni 19 akabaki na tano mkononi, angeweza kulilaza wiki mbili kabla ya safari ya kwanza.

Bado kuna viporo. Gia ya pili inakwaruza. Difu inavuma, na tumekubaliana oili yake itazamwe kila mwezi kama ina chembe za chuma. Ufa wa chesisi haujavuka chaki. Msimu uliopita walibeba gunia 31 mara kadhaa kwa idhini ya mama, na imeandikwa kwenye daftari pamoja na uzito. Laining za nyuma zilizokadiriwa kufika mwisho wa mwaka zimepangiwa kubadilishwa mapema, kabla safari za Morogoro hazijaanza tena.